Ndugu, mgeni au wa porini? Kumchagulia mwenza chatu, mjusi au kobe wako

Chatu jike wako amekomaa, uzito unatosha, na sasa unatafuta dume. Kwa kawaida machaguo ni matatu. Kuna kaka yake waliyetoka naye kwenye mayai ya mama mmoja: yuko kizimba cha pili na hakugharimu kitu. Kuna dume wa mfugaji mwingine, ambaye itabidi umlipie na kumsafirisha. Halafu kuna yule wa porini, ambaye mtu fulani anadai atakuletea kwa nusu ya bei. Swali hilohilo linamkabili mfuga mijusi, mtunza kobe kwenye bustani ya hoteli kule pwani, na hata mtaalamu anayesimamia wanyama wachache waliobaki kwenye kipande cha msitu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Dume wa mfugaji mwingine ndiye chaguo, kaka mtu ana kazi ndogo sana, na wa porini namwona mbaya karibu kila mara. Ila sababu zenyewe si zile zinazorudiwarudiwa mitandaoni.

Hesabu ya undugu

Kila mnyama hubeba jeni zake kwa jozi, moja ya baba na moja ya mama. Jeni nyingi mbovu hazileti madhara zikiwa peke yake, kwa sababu ile nzima iliyo upande wa pili inafanya kazi ya zote mbili. Shida huanza mtoto anapopokea nakala ileile mbovu kutoka pande zote, na hilo hutokea zaidi wazazi wanapokuwa na undugu.

Ukipandisha kaka na dada, au baba na binti, uwezekano wa mtoto kupata nakala mbili za asili moja kwenye jeni yoyote ni asilimia 25. Kwa ndugu wa mzazi mmoja ni 12.5, na kwa watoto wa ndugu wawili ni 6.25. Ukiwarudia kaka na dada kizazi cha pili unafika 37.5, na cha tatu 50. Mfuga kuku kijijini anaujua mchezo huu, ndiyo maana jogoo hubadilishwa. Kwa reptilia, bado kuna wauzaji wanaokuambia kwa uso mkavu kwamba nyoka "hawana mambo hayo".

Wanayo. Ushahidi mzuri kabisa umetoka porini, tena kwa nyoka.

Kilichotokea Smygehuk

Smygehuk ni pwani ya kusini kabisa ya Sweden. Hapo, kwenye ukanda mwembamba wa majani kati ya bahari na mashamba, waliishi nyoka wa Ulaya wa jamii ya kifutu, Vipera berus. Mashamba yaliwatenga na wenzao kwa miongo mingi, na waliobaki walikuwa makumi machache tu ya wakubwa. Mtafiti Thomas Madsen na wenzake walianza kuwafuatilia miaka ya 1980. Nyoka hawa hawatagi, huzaa watoto walio hai, kwa hiyo kasoro zilionekana siku ileile ya uzazi: watoto wengi walitoka wamekufa au na ulemavu, kuliko ilivyo kwenye maeneo yenye nyoka wengi. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba nyoka wa Smygehuk walikuwa wamefanana mno.

Mwaka 1992 watafiti wakaleta madume 20 kutoka eneo jingine lenye nyoka wengi na mchanganyiko mzuri wa jeni. Wakawaacha misimu minne ya kupandana, kisha mwaka 1995 wakawakamata wanane waliokuwa bado hai na kuwarudisha kwao. Kwa muda hakuna aliyeona tofauti ya idadi, maana dume wa nyoka hawa huchukua miaka kadhaa kufikia utu uzima, na hesabu ya wakubwa iliendelea kushuka. Ndipo watoto wa wale wageni walipoanza kukomaa. Kufikia 1999 idadi ya madume ilikuwa imepanda kuliko mwaka wowote tangu hesabu ianze. Hawakuongezewa chakula wala hifadhi mpya. Kilichobadilika ni akina baba.

Niongeze na upande wa pili wa habari hiyo, ambao hausimuliwi sana: baadaye makazi yenyewe ya Smygehuk yalivurugwa na shughuli za watu, na nyoka wakaanza kupungua tena. Damu mpya hurekebisha kasoro za damu. Haiwezi kumrudishia nyoka mawe ya kuotea jua.

Sweden hiyohiyo, pwani ya magharibi, mtafiti Mats Olsson alifuatilia mijusi wa mchangani, Lacerta agilis. Kwenye kundi moja dogo, kama mtoto mmoja kati ya kumi alitoka na ulemavu, na undugu wa wazazi ulichangia. Watoto wa namna hiyo ni nadra wavuke mwaka wa kwanza. Kilichonivutia zaidi ni tabia ya majike. Jike mmoja hupandana na madume kadhaa kwa msimu, na ndani ya mwili wake mbegu za dume asiye ndugu hutunga mimba kwa wingi kuliko za ndugu. Yaani mwili wa jike unachagua baada ya tendo. Jike huyo wa porini ana nafasi ya kurekebisha kosa.

Sasa mrudishe kizimbani. Umempa dume mmoja, kaka yake. Achague nini?

Kizimba kinaficha

Hapa ndipo tofauti kubwa kati ya porini na nyumbani ilipo, na watu huielewa kinyume. Wanadhani mnyama wa kufugwa ana afadhali kwa sababu hana adui, anakula vizuri na anatibiwa. Ni kweli, anaishi. Ila porini mtoto mwenye mkia uliopinda, au mwenye kinga dhaifu, anaondoka mapema: analiwa na kunguru, anashindwa na baridi, hafikii kupandana. Kwako analishwa panya aliyetolewa kwenye friza na kuyeyushwa barafu vizuri, anakua, anakuwa mzuri wa kupigwa picha, na miaka mitatu baadaye anapandishwa na dada yake. Kasoro imelelewa mpaka ikapata uzao.

Kwa hiyo kumtazama mnyama mkubwa aliyenona hakukuambii kitu. Ukitaka kujua ukoo umechoka au la, tazama mayai.

Chukua mayai ya chatu wa kifalme, Python regius, yule mdogo wa Afrika Magharibi na Kati anayejiviringisha akitishwa. Siku chache baada ya kutagwa, zima taa na uweke tochi ndogo nyuma ya yai bila kuligeuza. Yai zima hung'aa rangi ya waridi, na mishipa myekundu inaonekana ikisambaa kutoka sehemu moja. Yai tupu hung'aa njano tupu. Mara nyingi ni dogo, gumu kidogo na limekunjamana. Hilo halikurutubishwa, basi. Mayai ya kukuumiza kichwa ni ya aina nyingine mbili: lile lililokuwa na mishipa kisha ikafifia wiki za mwanzo, na lile linalofika mwisho lakini ukilipasua unamkuta mtoto amekamilika, amekufa, uti wa mgongo una vifundo au jicho moja halipo. Yapasue yote yasiyototolewa na uandike ulichokuta. Wengi huyatupa kwa kinyaa, na pamoja nayo wanatupa taarifa pekee ya maana waliyokuwa nayo.

Ila usikimbilie kulaumu undugu. Joto likizidi ndani ya inkubeta, yaani sanduku la kutotoleshea mayai, migongo hupinda hata kwa watoto wa wazazi wasiojuana kabisa. Linganisha na mayai ya jike mwingine yaliyokaa kwenye inkubeta hiyohiyo, msimu huohuo. Ya yule yakitoka salama na haya yakaharibika, mulika wazazi. Kisha mpe yuleyule jike dume mwingine mwakani. Mayai yakitengemaa, jibu umelipata.

Chaguo la kwanza: kaka yake

Faida zake zinajulikana: hakuna gharama, hakuna ugonjwa mpya unaoingia nyumbani, na kama kuna rangi adimu iliyojificha itajitokeza haraka. Hiyo ya tatu ndiyo iliyowaponza wengi.

Chatu wa kifalme mweupe, asiye na rangi nyeusi mwilini, alizalishwa kizimbani kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1992. Rangi hiyo inahitaji nakala mbili. Ukimpandisha mweupe na wa kawaida, watoto wote hutoka wa kawaida huku wamebeba nakala moja. Ili kupata weupe unawapandisha hao ndugu wao kwa wao, robo ya watoto watoke weupe, au unamrudisha binti kwa baba yake, nusu watoke weupe. Angalia namba za juu: njia zote mbili ni asilimia 25 ileile. Na kwa kuwa rangi mpya huanza na mnyama mmoja au wawili, wafugaji wa mwanzo walifanya hivyo kizazi baada ya kizazi, kwa sababu mtoto wa rangi mpya aliuzwa bei ya gari.

Matokeo yake yanaonekana kwenye koo kadhaa. Baadhi ya nyoka weupe wa Amerika aina ya boa wamezaliwa hawana jicho moja au yote mawili, na wafugaji wenyewe wanahusisha hilo na kurudiarudia ndugu. Nyoka weupe wala panya kutoka Texas wana sifa ya macho yaliyovimba na kutoka nje, kasoro iliyong'ang'ania ukoo.

Lakini tenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Chatu wa kifalme wa rangi ambayo wafugaji huiita buibui, aliyeanza kuzalishwa mwaka 1999, hutikisa kichwa, hujipinda shingo na hukosea shabaha anaporukia chakula. Huo si undugu. Jeni yenyewe ya rangi ndiyo inayoleta tatizo, na nakala moja inatosha. Umtafutie mwenza kutoka mwisho wa dunia, mtoto wa rangi hiyo atatikisika. Vivyo hivyo mijusi wenye madoa ya chui, Eublepharis macularius, wa ile rangi ambayo wafugaji huiita limau yenye barafu: utafiti uliotoka 2021 ulionyesha kwamba rangi hiyo inahusiana na jeni ya SPINT1, na wengi wa wanyama hao hupata uvimbe wa saratani ya ngozi. Kwa wanyama wa namna hii, damu mpya haisaidii; dawa ni kuacha kuzalisha rangi hiyo. Muuzaji anayekuambia "huyu nimemchanganya damu, hana shida" aidha hajui au anajua sana.

Basi kaka mtu ana nafasi gani? Mara moja, kwa lengo linalojulikana, kisha watoto wote wapelekwe nje ya ukoo. Sioni zaidi ya hapo, isipokuwa pale ambapo ndugu ndio pekee waliobaki duniani, na hapo tutafika kwa kobe.

Usijifariji pia kwa kumwacha jike peke yake. Mwaka 2006 ilithibitika kwamba kenge wa Komodo katika bustani za wanyama za London na Chester walitunga mayai bila dume. Watoto wote huwa madume, na nakala zao za jeni ni za mama mtupu, jozi kwa jozi zinafanana. Huo ndio undugu uliofika ukingoni kabisa.

Chaguo la pili: dume wa mfugaji mwingine

Gharama yake ni pesa, karantini ya miezi kadhaa na maswali mengi. Lipa zote tatu.

Mtego wake ni kudhani kwamba duka tofauti ni damu tofauti. Wanyama wa rangi moja adimu wanaouzwa Hamburg, Toronto na Dubai wanaweza wote kuwa wajukuu wa mnyama mmoja. Kwa hiyo usiulize "umemtoa wapi?" Uliza baba na mama ni akina nani, walitoka kwa nani, na jike alipandishwa na madume wangapi kabla. Swali hili la mwisho lina maana kwa nyoka, kwa sababu jike anaweza kuhifadhi mbegu kwa miezi, na baba halisi asiwe yule uliyeonyeshwa.

Mtego wa pili uko upande wa mbali: kwenda mbali kupita kiasi. Vinyonga wa Madagascar wa aina ya Furcifer pardalis hutofautiana rangi kwa eneo, na utafiti wa 2015 ulipendekeza kwamba wanaoitwa aina moja huenda ni aina kumi na moja. Kumpandisha wa buluu wa kaskazini na mwekundu wa mashariki si kuleta damu mpya, ni kuchanganya vitu viwili. Kwenye mashamba ya mamba ya Thailand, mamba wa Siam wamechanganywa na mamba wa maji chumvi kiasi kwamba anayetaka kurudisha mamba wa Siam mtoni lazima kwanza apime vinasaba. Asiye ndugu, lakini wa asili moja: hicho ndicho kipimo.

Chaguo la tatu: wa porini

Kwenye karatasi huyu ndiye bora, jeni zake hazijawahi kukutana na za kwako. Anakuja pia na minyoo, kupe na mfadhaiko, na wengi hufa kabla ya kupandana. Lakini sababu yangu kubwa iko Morogoro.

Chini ya milima ya Uluguru kuna msitu wa Kimboza. Humo, juu ya mikadi, anaishi mjusi mdogo Lygodactylus williamsi. Dume ni wa buluu inayong'aa, jike ana rangi ya kijani na shaba. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji linakadiriwa kuchukua kati ya 32,310 na 42,610, na mara nyingi mkadi ulikatwa ili kuwafikia. Nusu ya pili ya hasara ndiyo hiyo: mti uliokatwa ulikuwa nyumba ya waliobaki. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na mwaka 2017 mjusi huyu akaanza kulindwa na Kiambatisho cha Kwanza, orodha kali kuliko zote, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kwa sasa walioko Ulaya na Marekani wanazaliana vizuri kwenye matangi ya vioo.

Ona basi kinachotokea. Mfugaji aliyeko Ujerumani anaongeza damu kwa kumpunguzia msitu damu. Ukiwagawa waliobaki porini katika vipande vya mikadi visivyoungana, umetengeneza Smygehuk nyingine, safari hii Morogoro. Wanaozaliwa kizimbani Ulaya sasa ni wengi wa kutosha kubadilishana kati ya wafugaji, wenye vyeti halali. Asiye na cheti, mwache.

Kobe wana saa yao

Ushauri wangu ungeishia hapo kama kobe wangezaliana haraka. Undugu huhesabiwa kwa vizazi, si kwa miaka. Yule mjusi wa Kimboza anakomaa ndani ya mwaka mmoja hivi. Kobe mkubwa wa Aldabra anachukua miongo miwili au zaidi. Kobe wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, walianza na wanne waliotolewa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wakaongezeka hadi kama 200 katikati ya miaka ya 1950, kisha wizi ukawamaliza, na mwaka 1996 walihesabiwa saba tu, wakaletewa wengine wadogo. Karne nzima, lakini ni vizazi vichache sana. Anayetunza kobe ana muda wa kutafuta mwenza sahihi, na hana kisingizio cha haraka.

Mfano mkubwa ni kisiwa cha Española, katika visiwa vya Galápagos, Ecuador. Walibaki kobe 14, majike 12 na madume wawili, wakapelekwa kwenye kituo cha uzalishaji katika kisiwa cha Santa Cruz. Miaka ya 1970 akaongezwa dume wa tatu, Diego, aliyerudishwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego. Programu ikafungwa mwaka 2020 baada ya takriban kobe 2,000 kurudishwa kisiwani, na wanaendelea kuzaliana wenyewe. Ni ushindi, sibishani. Lakini kama asilimia 40 ya watoto ni wa Diego, na dume mwingine aliyejulikana kwa namba E5 ana karibu 60. Dume wa tatu karibu hana kitu. Kwa hiyo waasisi 15 wa kwenye daftari, kwa jeni za upande wa baba, ni kama wawili. Wakati huo kobe wa kisiwa jirani cha Pinta alikuwa amebaki mmoja tu, dume aitwaye George, aliyekufa Juni 2012 bila mtoto. Kati ya ndugu na kutoweka, chagua ndugu. Ila ukiwa na wanyama sita uani, hauko kwenye hali hiyo.

Ukipata nafasi ya kuanza upya, anza na waasisi wengi kuliko unavyodhani unahitaji, na umpe kila mmoja zamu. Kundi la wazalishaji wanne linapoteza takriban asilimia 12.5 ya utofauti wake kila kizazi. La 50 linapoteza moja.

Kwa aliyebaki na ndugu tu

Kama ni chatu wawili wa mayai mamoja, na pesa ya dume mwingine haipo, jibu langu ni kutowapandisha mwaka huu. Tenganisha vizimba, kwa sababu ukiwaacha pamoja watakuamulia. Tafuta mfugaji wa kubadilishana naye: dume wako aende kwake msimu mmoja, wake aje kwako, karantini pande zote, na majina ya wazazi yaandikwe kwenye karatasi inayosafiri na mnyama. Jike hapotezi kitu kwa kusubiri. Katika bustani ya wanyama ya St. Louis, Marekani, mwaka 2020 chatu wa kifalme aliyekadiriwa kuwa na angalau miaka 62 alitaga mayai saba, na alikuwa hajakutana na dume kwa zaidi ya miaka kumi.